Picha Yangu ya Mazoezi Imemfukuza Mama Mdogo Nyumbani

Mwenye ukurasa, jina langu liache huko huko kwenye bahasha. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, naishi Mlabani hapa Ifakara, sijaolewa. Ninayemwita mama si aliyenizaa bali mdogo wake, aliyenichukua nikiwa sijaota meno baada ya mama yangu kufariki. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikiropoka.

Mwaka jana nilipata kazi kwenye ofisi ya mradi mmoja unaotoa mabango ya afya. Kuchora nimeanza zamani, nilikuwa naandika vibao vya saluni na maduka. Basi wakaleta kompyuta, ya kwanza mimi kuiona kwa macho yangu, na pamoja nayo kibao cha plastiki cha kuchorea chenye kalamu isiyo na wino. Unachora kwenye kibao hapo mezani, mstari unatokea kwenye kioo cha kompyuta. Jamani, acheni tu! Mkono uko huku, macho yako kule. Mwanzoni kila mtu niliyemchora alikuwa kama gunia la mpunga lililoota miguu. Bosi akaniambia, "Usichore watu wa kichwani. Chora mtu unayemwona kila siku, amekaa, ameinama, amebeba, mpaka mkono uzoee."

Na mimi nilikuwa namwona nani kila siku kama si mama mdogo? Nilimchora akipepeta mchele, akichota maji, akichoma vitumbua vyake anavyouza sokoni. Siku moja nikamchora ameketi kwenye kigoda, kiganja shavuni, shingo yake ndefu, bega la kushoto limeshuka vile lilivyo tangu aanguke na ndoo, kanga kaifunga upande kama anavyofunga yeye peke yake. Mama mdogo ni mwembamba tangu kuzaliwa. Picha ilipokamilika kwenye kioo nilipiga kigelegele mle ofisini, maana kwa mara ya kwanza kile kibao kilinitii. Nikaihifadhi kwenye kompyuta, nikaomba ruhusa, nikaenda zangu kuvuna.

Narudi, mabango yameshachapwa Dar. Mama mdogo yumo katikati, amekaa na kiganja chake shavuni, na juu yake maandishi mekundu: UKIMWI UPO. USIMTENGE MGONJWA. Yamebandikwa sokoni, zahanati, mpaka Kiberege.

Maandishi nani aliyasoma? Watu waliangalia bega. "Si yule mama vitumbua?" "Ndiye, na kukonda kule tulikuwa tunajiuliza." Kesho yake vitumbua vikarudi nyumbani na beseni lile lile, vimepoa. Keshokutwa vivyo hivyo. Kanisani benchi alilokaa likawa lake peke yake. Nilimfuata bosi nikilia. Akanijibu bila kuinua macho, "Picha iliyochorwa ofisini ni ya ofisi, dada." Ya ofisi! Na bega la mama yangu nalo ni la ofisi?

Kilichoniuma zaidi kilikuwa nyumbani. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Katika maisha yangu yote hajawahi kuniacha na shikamoo mdomoni. Akasema tu, "Umeniuza, mwanangu. Si ungeniambia kama umenichoka?" Nikaapa, nikapiga magoti, nikamweleza habari za mazoezi na kibao. Angeelewaje? Hiyo kompyuta yenyewe hajawahi hata kuiona. Nikamwambia twende akapime damu, tuwanyamazishe. Akacheka cheko baya. "Nikipima watasema nimejishuku mwenyewe."

Huku kwetu watu tunahamia mashambani mvua zikianza, na tunarudi mjini tukishavuna. Yeye akafunga virago kiangazi, shamba limebaki mabua matupu, akavuka mto kwenda kuishi peke yake kwenye kibanda tunacholalia wakati wa kufukuza ndege.

Nikamganda bosi mpaka akakubali mabango yabadilishwe. Nilichora upya: mwanaume, mnene, asiyefanana na binadamu yeyote wa bonde hili. Mapya yakaja, ya zamani yakabanduliwa, nikapumua. Kumbe ndiyo nimeharibu kabisa! Watu wa sokoni walipoona sura imebadilika wakasema, "Wamemtoa. Basi ameshakufa." Na kweli tangu avuke mto hakuna aliyemwona mjini. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akivuka barabara kumkwepa, alikuja na wenzake, ana mchele kwenye ungo, analia machozi kabisa, ananipa pole. Nilitamani nimrushie ule ungo. Nikamwambia mama yuko hai, yuko shamba. Akanishika mkono kwa huruma, akawageukia wenzake: "Maskini, uchungu umemchanganya."

Juzi nilivuka kumfuata. Nimemkuta amekonda, safari hii kweli. Nikamweleza wanayosema mjini, nikidhani atalia. Akasema, "Usiwabishie. Marehemu hasengenywi. Waache wanizike, na mimi nipumzike." Nikamuuliza, mvua zikianza na hao hao wakihamia huku mashambani, atakwenda wapi? Akaanza kufagia mbele ya kibanda, na hapakuwa na kitu cha kufagia.

Sasa Jumamosi jumuiya yetu ya kanisani inakuja nyumbani kumwombea marehemu. Nikiwafukuza, nitaonekana nimerukwa na akili, na mama atasema nimemwanika mara ya pili. Nikiwapokea, nimemuua kwa mdomo wangu mwenyewe, na sidhani kama nitamrudisha tena katika mji huu. Yeye ameniagiza niwapikie wali, wasiondoke na njaa. Ninyi mnaosoma na hamtujui, nishaurini jamani: niwapikie?