Wi-Fi ya Wageni wa Makambi

Msimamizi wa zahanati ile ya kanisa huko Gesima alikuwa hodari wa kuvaa tai pana na kutojua lolote. Kila kitu chenye waya alikiita kompyuta. Makambi, ile mikutano ya ibada ya Wasabato, yalikuwa yaanze kesho yake uwanjani hapo, na yeye, mzee wa kanisa, alitaka wageni wapate Wi-Fi ya bure ili wamsifu. Akaniita kutoka Kisii mjini siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri.

Kazi yenyewe ni ya ruta, kisanduku kidogo nilichokipigilia ukutani nje, chini ya paa. Waya unaleta mtandao wa ofisi, kisanduku kinaurusha hewani. Fundi makini huutenga mtandao wa wageni na ule wa ofisi, wapate intaneti bila kuzifikia kompyuta za ndani. Kutenga kunachukua muda. Kuunganisha yote iwe mmoja ni kubonyeza mara moja tu.

"Harakisha, kijana," msimamizi aliniambia kila mara, akichungulia jua dirishani. "Sabato ikiingia mimi nafunga."

Karani wa mafaili, mama mmoja mpole, aliuliza, "Na hao wageni hawataona faili za wagonjwa?"

Nilimcheka. Mtu anayechapa kwa kidole kimoja anifundishe kazi! "Mama, wewe endelea na kadi zako," nikamwambia, nikabonyeza.

Ofisi ilipofungwa nilikaa kwenye benchi la nje nijaribu mtandao kwa simu. Folda ya wagonjwa ikafunguka bila kuuliza nenosiri. Nikawa naishusha kwa kidole huku nikiwacheka kwa uzembe wao, hadi nilipokuta jina la mama yangu. Miaka minne alikuwa akimeza dawa za virusi vya Ukimwi. Alikuwa akitoka Nyamache mpaka huku, akituambia anamtembelea rafiki, ili asijulikane kwao. Na kesho alikuwa anakuja na kwaya yake nzima, kila mmoja na simu yake.

Nilimkimbilia msimamizi langoni. "Mzee, faili za wagonjwa zinaonekana huku nje. Nipe nusu saa nirekebishe."

"Jua limeshatua. Hapa hakuna kazi tena mpaka kesho jioni," alinijibu, akatia funguo mfukoni. "Na wageni wetu ni watu wa Mungu, hawachungulii mambo ya watu."

Nilimwona mjinga wa kutupwa. Lakini aliyebonyeza ni mimi, na karani alikuwa ameniambia. Nilijidharau zaidi ya nilivyomdharau yeye. Alipoondoka nikapanda juu ya benchi, nikaukata ule waya kwa koleo.

Asubuhi msimamizi alisimama mbele ya umati, akaninyooshea kidole nilipokaa. Alisema kwamba fundi wa mjini ameharibu mali ya kanisa usiku wa Sabato, wageni wakakosa Wi-Fi. Watu wakageuka kunitazama. Mama alikuwa mstari wa mbele, ndani ya sare ya kwaya, ameinamisha kichwa.

Ibada ilipokwisha alinijia akiwa analia. "Nimekulea hivi? Umeniaibisha mbele ya watu wote."

Nilimwomba msamaha.