Khului ya Laini ya Simu

Nimetoka katika mikataba miwili maishani mwangu, wa ndoa na wa simu. Wa ndoa ulikuwa mwepesi. Kadhi aliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Nikarudisha mkufu wa mahari, mume akatazama vidole vya miguu yake, na adhana ya adhuhuri ikanikuta njiani, mwanamke huru. Ndiyo khului: mke aliyechoka hurudisha alichopewa, akenda zake. Kampuni ya simu haijapata kusikia habari hizo.

Walioniingiza ni vijana wa fulana za kung'aa waliopiga hema pwani ya mji wa Lamu, karibu na gati. Waliniita mrembo, na hapo ndipo ningeshtuka. Wakanipa simu "ya bure", nami nikatia sahihi ya miaka miwili. Wakati ule nilikuwa bado kwa mume, na mtandao wao ulishika hadi uvunguni mwa kitanda. Kisha ndoa ikaisha, nikahamia Wiyoni, nyumbani kwa kaka yangu, na huko mtandao ukakataa kabisa kuingia ndani. Ulipatikana juu darini tu, kando ya tangi la maji, na hata hapo sharti usimame umeelekea kibla.

Ningeitupa baharini wiki ile ile, lakini kuna mama yangu. Mama yuko Faza, na kutoka kwetu hadi kwake ni boti. Macho yake yana mtoto wa jicho, hasomi kioo cha simu. Ana mulika mwizi, simu ndogo ya vitufe, ameifunga kwenye pindo la leso, na hapana mjukuu anayeruhusiwa kuigusa tangu mmoja wao alipomtilia wimbo usio na haya. Nambari yangu ameihifadhi kama alivyohifadhi sura za Kurani chuoni. Huanza kwa bismillahi, kidole gumba kikatafuta kitufe cha katikati chenye kinundu, kisha akaisoma kwa mahadhi hadi mwisho. Ukimkatiza, huanza upya.

Kila siku baada ya alasiri hunipigia, nami kila alasiri nilikuwa darini namngoja, jua likinichoma shavu. Simu iliita mara tano kabla sijapata pa kusimama sauti isikatike. Mtaa mzima ulijua habari za goti lake. Siku nikiweka spika, jirani aliitikia salamu kabla yangu.

Nilikwenda dukani kwao kuomba waniache. Kijana wa kaunta, mtu wa bara mwenye adabu ya kukaririshwa, alinisikiliza akitikisa kichwa.

"Nakuskia kabisa, mum. Tunaweza kukuongezea dakika."

"Hizo nilizo nazo sina pa kuzitumia."

"Basi tukuongezee na bando."

Mume wangu alikuwa vivyo hivyo. Ukimwambia humtaki samaki, huleta wawili.

Mwishowe akanieleza. Nikivunja mkataba kabla ya muda wake, narudisha simu, nalipa faini, na nambari naipoteza. Nikitaka kuhama na nambari yangu, ningoje mkataba uishe, mwaka na ushei. Simu wangeichukua na kasha lake, nisingelia. Lakini nambari ile ndiyo njia ya mama kunifikia, na nilipomgusia habari ya nambari mpya alinikatiza.

"Kitwa changu kimeyaa, mwanangu. Hakiingii kitu."

Nikaendelea kupanda ngazi za darini.

Asubuhi moja mama akateleza chooni. Akapiga simu. Haikuwa alasiri, kwa hivyo mimi nilikuwa chini jikoni nakuna nazi, na simu iko kando yangu imelala fofofo. Habari ilinifika mchana kwa mdomo wa baharia wa boti ya Faza: mama ameanguka, mguu umefungwa bendeji, yu mzima. Kampuni yenye minara mirefu kuliko ya misikiti ilishindwa mbio na mtu aliyesimama njiani kununua mahamri.

Nilipanda boti iliyofuata kwa hofu na hasira. Nilimkuta amekaa kitandani, mguu juu ya mto, anakunywa uji.

"Nilikupigia," akasema. "Yule mwanamuke akasema hupatikani. Nikamwambia, kama yuko yuu mwite, kama yuko tini mwite. Hana adabu yule, hurudia neno moya tu."

"Sasa nani alikupeleka hospitali?"

Akatazama uji wake. "Mumeo."

"Mame, mimi sina mume."

"Basi huyo uliyemrudishia mkufu. Nambari yake niliitia kitwani mwaka muliooana. Yeye hupokea. Akatuma mtu wa pikipiki kunitukua, na wa boti kwako."

"Mame, tumeachana."

"Nyinyi mmeatana," akasema. "Mimi naye hatukuatana."

Niliumia, nisiseme uongo. Mtu niliyemtoa maishani kwa hukumu ya kadhi alikuwa karibu na mama yangu kuliko mimi, na kilichomweka karibu ni mnara. Nilikasirika, kisha nikaona haya ya kukasirika, maana bila yeye mama angelala pale sakafuni hadi nani ajue. Nikachukua kikombe, nikamnywesha uji uliobaki.

Jioni nikamwambia nataka kununua laini mpya hapo hapo Faza. Alihoji kama aliyeletewa posa. Kampuni hiyo ni ya watu gani? Usiku hulala nyumbani au hupotea? Mvua ikinyesha huwa na udhuru gani?

"Twaa hiyo ya mumeo," akakata shauri. "Hiyo naiyua tabia yake."

Mume mwenyewe pia ni yeye aliyenichagulia, lakini si jambo la kumwambia mgonjwa. Nikainunua, pamoja na simu ya vitufe kama yake.

Tukakaa kusoma nambari. Kidole chake kikifika katikati kiliteleza, kikarudia nambari ya zamani. Akakunja uso, akasema astaghfirullahi, akaanza tena. Alipochoka kukosea alinilaumu mimi, kwamba nambari yangu mpya haina mahadhi. Kweli haina. Siku ninaondoka alikuwa akiipata safari moja, safari ya pili akiikosa.

Niliporudi Lamu nilipitia dukani na ile simu ya bure, nimeifunga kwenye leso pamoja na chaja yake.

"Nimekuja kufanya khului," nikamwambia yule kijana. Akalitafuta neno hilo kwenye kompyuta. Halikuwamo. Ilimtaka achague sababu yangu ya kuondoka: kuhama nchi, kufariki, au nyinginezo.

"Weka nimefariki."

"Hiyo inataka cheti, mum."

Tukaweka nyinginezo. Nikalipa faini yao. Akanieleza kuwa nambari yangu itakaa kimya miezi kadhaa, kisha ndipo apewe mteja mwingine. Nikasema alhamdulillahi, angalau eda wanaijua. Kabla sijafika mlangoni akaniomba niwape nyota kwa huduma nzuri.

Alasiri ile sikupanda darini, maana laini mpya ilishika hadi ndani. Nilikaa jikoni nachuja tui, na roho haikutulia. Sasa nambari ya zamani imekufa, na kama ile mpya imemtoka kichwani, mama hana pa kunipata. Watu waliingia msikitini wakatoka. Mawazoni nikamwona mama amekaa na leso yake, kidole kinateleza, anagombana na yule mwanamke wa hupatikani.

Simu ikalia, humo humo jikoni, kwa kelele hata paka akatoka mbio. Niliipokea kabla haijaita mara ya pili, mikono imejaa tui.

"Assalamu alaikum, mame."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mbona wapokea upesi?" akasema. "Una nini, mwanangu? U mgonjwa?"