Kilo za Mama Mkwe

Casimir Kapya hakuweza kukaa. Mwaka ule wa 1953, majirani zake wa mtaa wa Kamalondo, Élisabethville, walimwona anakula amesimama, anaongea huku anatembea, na kanisani anabadilisha mguu kama mtu aliyekanyaga bati la moto. Mke wake, Hortense, alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilifika mwisho, na watoto wakazaliwa bila kulia. Safari hii, juu ya kwenda hospitali ya uzazi, Hortense alisema neno moja, wala hakulirudia:

"Miye siende maternité bila mama."

Mama yake alikuwa Manono, kaskazini, kwenye migodi ya bati. Kutoka kule hadi Élisabethville, njia ya watu wote ilikuwa lori, kisha boti ya Lualaba mpaka Bukama, kisha treni. Na boti ilikwama kwenye mchanga kila ilipotaka. Lakini Casimir alikuwa mtu wa ndege.

Aliajiriwa kwenye kiwanja cha ndege cha Luano baada ya vita, pale Mzungu mmoja mrefu kutoka Ufini alipoleta ndege yake ya mbao na kitambaa na kuandika ubavuni Aéro-Lufira. Watu walimwita Kimya, kwa sababu asubuhi nzima ingeweza kupita bila yeye kufungua mdomo.

"Bwana, Ufini iko wapi?" Casimir alimwuliza siku moja.

Kimya alifikiri sana. "Mbali. Mayi mingi, miti mingi."

Baadaye, kipande kwa kipande, alimweleza kwamba huko kwao alikuwa na kampuni kama hii, ikibeba barua na wagonjwa kutoka ziwa hadi ziwa, mpaka kampuni kubwa ikapewa njia zake zote. Ndiyo maana alikuja kuanza upya hapa.

Na kweli ilianza vizuri. Ndege moja ikawa tatu, zikaenda Manono, Kongolo, Albertville. Zilibeba madaktari, masista, vipuri vya mashine, vifaranga ndani ya maboksi. Kazi ya Casimir ilikuwa mzani. Ndege ndogo haimwonei mtu haya: kila kinachopanda hupimwa, mizigo na watu vilevile, na Casimir alitaja kilo kwa sauti ili Kimya asikie kutoka mbele. Masista walipanda mzani ule wamefumba macho. Kisha Casimir naye alipanda ndegeni, akakaa nyuma karibu na mizigo ili aishushe upande wa pili.

Halafu yakatokea yaleyale ya Ufini. Njia za kaskazini zilipewa kampuni kubwa yenye ndege za chuma. Ndege mbili za Kimya ziliuzwa Rhodesia. Asubuhi moja alimwita Casimir kando.

"Ijumaa, Manono. Kisha mwisho."

Casimir hakuuliza atakula nini baada ya hapo. Aliomba kiti kimoja cha kurudia, cha mama wa mke wake. Kimya alitikisa kichwa kukubali. Jioni ile Casimir alivuka kijito cha Naviundu kwa baiskeli akiimba, na Hortense aliposikia habari alicheka kwa mara ya kwanza tangu mimba ionekane. Wote wawili waliliona tumbo tu. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Manono, ndege ilipozima injini, Donat alikuja mbio kutoka ghala la mizigo. Alikuwa karani wa kampuni pale, Mkasai mwenye mdomo.

"Kapya! Mukwe wako iko nyuma ya magazini na kitunga yake. Anasema hatoke kama weye unasimama hapa."

Ndipo Casimir alipokumbuka mwiko. Kwa Waluba, watu wa kwao, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Mtoto wa kwanza akizaliwa mzima, ndipo mama mkwe anapotoka mwenyewe kumpokeza mkwe wake mtoto, na heshima ile hulegea. Casimir alikuwa hajapokezwa mtoto. Na ndani ya ndege ya Kimya watu walikaa goti kwa goti.

"Pima weye," alimwambia Donat. Alikwenda nyuma ya mkia wa ndege, akageukia pori, akaziba masikio kwa vidole.

Donat alipima, na kilo za mama mkwe alizitangaza kama habari ya sikukuu. Wapagazi walicheka. Casimir aliona mabega yao yakitikisika, akazidi kusukuma vidole.

Alipovitoa, Donat alikuwa mbele yake. "Tutundike turubai katikati."

"Mwulize yeye."

Donat alikwenda, akarudi. "Anasema turubai inafunika macho, haifunike magoti. Na kama weye unapanda, yeye anarudia kwake."

"Mwambie ni juu ya Hortense."

"Nimemwambia. Anasema ni juu ya Hortense njo maana hataki kuvunja kitu. Anasema mimba mbili zinatosha."

Mbele, Kimya alikuwa anatazama mawingu yanayojipanga upande wa kusini. Aligonga mlango wa ndege mara moja. Kwake hiyo ilikuwa kelele.

Casimir alitembea hadi kwenye bawa, akarudi, akaenda tena. Akipanda, Hortense atampata mume ambaye hakumwomba, amkose mama. Asipopanda, mtoto atazaliwa, au hatazaliwa, yeye akiwa mtoni hajui lolote. Alichukua kitunga cha mama mkwe pale kilipowekwa, akakifunga vizuri nyuma, mahali pake mwenyewe. Kisha akaenda kwa Kimya.

"Miye nabakia, Bwana."

Kimya alimtazama, akatazama ghala lile, akaelewa au hakuelewa. Alivua glovu, akampa mkono.

"Mama, mimi nampeleka mpaka kwa mulango ya Hortense," alisema. Casimir hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Casimir alisimama amegeukia pori mpaka mlio wa injini ukapanda hewani, ndipo akageuka. Kwake yeye kampuni iliishia pale, nukta ndogo ikiingia mawinguni.

Kwenye boti alitembea kutoka mbele hadi nyuma, mchana na usiku, mpaka nahodha akamwambia, "Weye, utatoboa boti yangu!" Ilipokwama, alishuka majini kusukuma pamoja na mabaharia bila kuombwa. Kwenye treni alisimama mlangoni, na Jadotville alimtukana mtu aliyechelewesha kupakia ndizi. Kutoka stesheni ya Élisabethville hakusubiri kupumua.

Alipofika kona ya kwao alipunguza mwendo, akakohoa kwa nguvu, kama inavyompasa mkwe, ili aliye uani apate kujificha.

Mama mkwe alitoka mlangoni. Hakujifunika kitenge usoni wala hakurudi ndani. Alisimama pale, anamtazama machoni, na kitu kimefungwa kifuani mwake. Casimir alishindwa kusogeza hata mguu mmoja.

"Ile siku," alisema mama mkwe, na hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia, "kilo zangu ulisikia?"

"Hapana, mama. Niliziba masikio."

"Muzuri." Alifungua kitenge. Ndani yake mtu alilia kwa hasira. "Basi kuja upime huyu."