Miti Niliyoipanda kwa Kamba

Nimefanya kazi nyingi zisizohitaji cheti. Hapa Kampala nimeuza soksi Kawempe, nimebeba saruji Kyebando, na kwa muda nilikuwa nasugua mabasi yanayotoka Kenya kabla hayajarudi. Hakuna kazi iliyonichosha kama kupanda miti kando ya kijito, na miti yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Kijito hicho kinateremka kutoka vilimani na kuingia ziwani upande wa kusini wa mji. Zamani kilikuwa kinatawanyika kwenye mafunjo kabla ya kufika ziwani. Watu wakalima magimbi ndani ya mafunjo, wakajenga, wakamwaga udongo, kijito kikabaki na upana wa mfereji. Mvua ikinyesha, maji yanatafuta njia yao ya zamani, na njia yao ya zamani inapita katika nyumba ya Hajati.

Hajati ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu. Ni mjane wa askari polisi, na babu yake alikuja nchi hii na wale wanajeshi wa Sudan enzi za Waingereza. Nyumba yake ndiyo iliyo chini kuliko zote, na nyuma yake kulikuwa na vyumba viwili vya kupangisha. Kimoja kilikuwa ghala la mapipa, kingine changu. Ukutani sebuleni kwake kuna alama za matope, moja juu ya nyingine, na cherehani yake imewekwa juu ya matofali kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo shirika fulani lilipokuja na mpango wa bustani ya watu wote, bustani isiyo na saruji, ambayo ingekiachia kijito nafasi ya kutanuka na kurudisha mafunjo, Hajati alikuwa wa kwanza kukubali. Aling'oa magimbi yake mwenyewe. Majirani wengine nao walikubali kuachia sehemu ya chini ya vibanja vyao. Kibanja ni kipande cha ardhi ambacho mtu anakikalia na kukilima bila kuwa na hati, na mjini hapa ni kitu ambacho watu wanakipenda kuliko ndugu zao. Walikubali kwa kunyoosha mikono mkutanoni, wakala biskuti, wakaenda zao.

Mimi nilipewa kazi ya kupanda. Sikuulizwa nimesoma nini. Msimamizi wa mradi, kijana mwenye buti za mpira ambazo hazijawahi kuona tope, alinionyesha kwenye simu picha ya bustani itakavyokuwa: njia ya changarawe, mabenchi, na kando ya njia ukingo wa mimea wa kushika udongo. Miche ya ukingo ingeletwa wiki ileile.

Haikuletwa. Nikapiga simu. Ikaletwa ahadi nyingine. Mawingu yakaanza kukaa juu ya ziwa kila alasiri, na mimi nilikuwa na mashimo matupu yanayongoja.

Sasa mimi siwezi kuona kitu kinaota bila kutaka kujua kinaotaje. Juu ya kilima nilikuwa nimeona mti mwembamba wenye majani marefu mapana kama ya mahindi, umesimama hapa na pale, hakuna anayeumwagilia. Nilikata kijiti kimoja nikakitia kwenye kikombe cha maji chumbani. Kikatoa mizizi. Nikakata vingine, bure kabisa. Ili mstari unyooke nikapiga vigingi na kufunga kamba, kutoka juu mpaka karibu na ziwa, nikapanda vijiti vyangu kwa kufuata kamba. Nilijivunia mstari ule. Hata msimamizi alipopita aliupiga picha na kusema, "Ndugu, umenyooka vizuri sana."

Asubuhi yake nilikuta wanaume watatu wamesimama kando ya mstari, mikono nyuma, kama watu waliokuja kutazama maiti ya mtu wasiyemjua. Mmoja alikuwa jirani mwenye lori la kubebea udongo.

"Nani amenunua?" akaniuliza.

"Amenunua nini?"

"Hapa. Nani ametuma wewe kupima?"

"Hakuna aliyepima. Ni bustani. Haya ni maua."

Akatazama vigingi. Akatazama kamba. "Maua kwa kamba?" akasema, na wenzake wakacheka, lakini si kicheko kizuri.

Nilizaliwa Nakuru katika nyumba ya kupanga. Mpaka wetu ulikuwa ukuta, na ng'ambo ya ukuta mlikuwa na mtu anayekohoa. Ningejuaje kwamba mti ule Waganda wanauita luwaanyi, na kwamba kazi yake kubwa ni kuonyesha kibanja cha mtu kinapoishia? Kila mtoto wa mtaa ule alijua. Wazee waliopita nikipanda, wakanisalimu, wakaniuliza habari za nyumbani, walijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Baadaye nilipowauliza walisema walidhani nimetumwa na tajiri, na mtu aliyetumwa na tajiri haulizwi.

Kesho yake kulikuwa na mstari wa pili. Mwenye lori alikuwa amepanda luwaanyi zake mbele ya zangu, karibu zaidi na maji, ili tajiri asiyekuwepo asimpite. Aliyepakana naye akapanda mbele ya hapo. Kufikia mwisho wa wiki bustani yangu ilikuwa imekatwa vipande kama mkate, na mstari mmoja ulikuwa umesimama ndani ya maji kabisa, majani yakiyumba kwa mkondo.

Nikaamua kumaliza upuuzi huo. Nilianza kung'oa vijiti vyangu mimi mwenyewe. Nilikuwa sijafika mbali mwenyekiti wa kijiji, kama mtaa unavyoitwa hapa, akaja, ameitwa, anapumua kwa shida kwa sababu ya mteremko.

"Bwana ssebo, acha hiyo. Luwaanyi haing'olewi hivyo. Kama watu hawako kushuhudia, hiyo ni wizi."

"Mwenyekiti, nimeipanda mimi. Juzi."

"Wewe ulipanda mti, sawa. Lakini sasa watu wamepima na hiyo. Ukitoa, kesho huyu anasema ilikuwa hapa, yule anasema ilikuwa kule, na mimi nalala polisi."

"Tufanye nini basi?"

"Tuite mkutano."

Mkutano uliitwa. Siku ya kwanza kulikuwa na mazishi. Siku ya pili kulikuwa na mpira. Siku ya tatu tulikuja mimi, Hajati, mwenyekiti, na mtu mmoja aliyedhani kutagawiwa vyandarua. Nilimpigia simu msimamizi. Akaniambia niwaelimishe. Nikamuuliza niwaelimishe nini, na wao ndio wanaojua maana ya mti na mimi ndiye nisiyejua. Akasema mtandao unakatika.

Wakati huo mwenye lori hakukaa bure. Alileta udongo mwekundu, safari baada ya safari, akaumwaga ndani ya mstari wake mpaka ukasimama kama kichuguu juu ya kijito. Nilimfuata.

"Mzee, haya maji unayasukuma kwa Hajati."

"Mimi sijasukuma maji. Mimi nimeweka udongo."

"Maji yatakwenda wapi?"

"Maji ina akili yake. Wewe Mkenya umekuja hapa na kamba, sasa unataka kutufundisha maji?"

Kuhusu kamba alikuwa sawa.

Mvua ilishuka alasiri moja tukiwa tumekaa barazani, Hajati akichambua mchele. Tuliona maji yakipanda, yakagonga udongo wa mwenye lori, yakageuka. Hayakuwa na haraka. Yalivuka bustani, yakapita kwenye chumba changu, yakazunguka jiko, yakaingia sebuleni. Tulipandisha gunia la mchele juu ya meza, na magodoro juu ya gunia. Mimi nilikuwa nalaani shirika, mwenyekiti, lori na miti yote iliyoumbwa. Hajati alikuwa anatazama cherehani, maji yamefika kwenye tofali la juu.

"Haya yakiingia tena," alisema, "nauza. Nitakwenda kwa binti yangu Kibuli, nikae kwenye kiti chake nimtazame mkwe wangu akila." Alikuwa amezaa watoto wake wote katika nyumba ile na kumtoa mumewe humo kwenda kuzikwa.

Asubuhi kulikuwa na jua, na uchafu. Ukingoni mwa mkondo maji yaliacha ukanda wa mifuko ya plastiki, chupa na majani ya ndizi, kutoka juu hadi ziwani, unaopita nyuma ya nyumba yake; yaliyoingia sebuleni yaliacha tope tu. Hajati aliutazama akiwa amesimama na viatu mkononi.

"Mwanangu, nenda unikatie luwaanyi."

"Hajati, sitaki kuona luwaanyi tena mpaka nife."

"Utaziona ukiwa hai. Kata nyingi."

Kisha akajifunga mtandio, akapita nyumba kwa nyumba. Hakuwaambia kuhusu bustani. Aliwaambia anapanda mpaka, na anaomba majirani waje washuhudie.

Walikuja wote. Wale wale waliokuwa na mazishi na mpira. Mkutano mtu anaweza kuukosa na asipoteze kitu, lakini mpaka ukipandwa wewe haupo, unaweza kurudi ukute jiko lako liko kwa mwenzako. Mwenye lori alifika kabla ya chai kuchemka. Kulikuwa na chai ya tangawizi na mandazi, na nilivyokuwa na hasira nilikula mengi.

Mwenyekiti akauliza kama inavyotakiwa, "Hajati, unapakana na nani?"

"Na mto."

Watu wakaguna. "Mto hana kibanja, mama nyabo," mwenyekiti akasema.

"Jana ulilala kwangu. Mwaka juzi ulilala kwangu. Mgeni akilala kwako kila mvua, unamtafutia pake. Mimi leo nampa. Mpaka wake ni pale alipoacha takataka zake."

Mwenye lori akacheka. "Hajati, basi anza na wewe. Takataka inapita kwako nyuma. Chumba ya Mkenya iko upande ya mto."

Nilisimama na mandazi mkononi. Ilikuwa kweli. Ukanda wa uchafu ulipita kati ya nyumba kubwa na vile vyumba viwili vya nyuma.

"Ndiyo, naanza na mimi," Hajati akasema. "Vile vyumba tutavibomoa. Maji yapite." Akachukua kijiti kutoka mikononi mwangu, akakichomeka nyuma ya jiko lake, mbele ya macho ya wote. Hakunitazama.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kusema lake. Tulitembea na ule ukanda, mwenyekiti akiuliza kila hatua kama hapa ni hapa, majirani wakiitikia, mimi nikichomeka. Kila aliyekuwa na luwaanyi ng'ambo, upande wa maji, aling'oa ya kwake kwa mkono wake mbele ya wenzake. Tulipofika kwa mwenye lori alibishana mpaka adhuhuri. Alisema uchafu ule uliletwa na upepo. Alisema chupa ile ni ya mtu aliyekunywa amekaa. Hajati alikaa kwenye kichuguu cha yule mtu, akaagiza chai iletwe hapo hapo, na watu wote wakamngoja kwa sababu hakuna aliyethubutu kuondoka kabla mpaka haujakwisha. Mwishowe mwenye lori akasema, "Pandeni, mnaniua na jua," na nikapanda nyuma ya udongo wake, upande wa nchi kavu.

Udongo aliuondoa nusu. Nusu nyingine bado iko, na kila nikimuuliza, lori ni bovu. Juzi alisema hivyo, na siku hiyohiyo nililipita barabarani limejaa matofali.

Miche ya shirika ilifika vyumba vya nyuma vilipokuwa vimeshabomolewa. Msimamizi aliishusha, akatazama mstari mpya unaopinda kama nyoka aliyekula, akasema ule wa kwanza ulikuwa unapendeza zaidi pichani. Niliipanda miche yake kwenye kichuguu kilichobaki, nikarudi Kyebando, kwa sababu ndiko nilikopata chumba, upande wa pili wa mji, na sasa kila asubuhi navuka Kampala nzima kwenda kumwagilia mimea iliyonifukuza.

Mvua kubwa iliyofuata ilinikuta huko Kyebando. Nilimpigia Hajati simu, nikapiga tena, akapokea mara ya tatu.

"Nyumba vipi?"

"Kavu," akasema. Nilisikia cherehani. "Maji yamepita pale ulipokuwa unalala, yakaenda zake ziwani. Na mafunjo yameanza kuota kwenye mlango wako."

Nilikaa kitandani.

"Lakini mbuzi wa yule mwenye lori amekula luwaanyi tatu," akaendelea. "Njoo na nyingine."

"Nitazipanda kesho asubuhi nikifika."

"Peke yako?"

Cherehani ilisimama. Alikuwa ananingoja, na nilijua anangoja nini.

"Waite majirani, Hajati," nikasema. "Na mandazi yawe mengi, maana yule mtu atabisha."