Upepo Kwenye Breki

Jambo hili mke wangu Kemunto alinikataza kulisimulia kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe sikuhitaji kukatazwa, kwa sababu kila nikilikumbuka masikio yananiwaka moto mpaka natafuta pa kujificha, lakini sasa nywele zimekuwa nyeupe na aibu ikizeeka inageuka kicheko, kwa hivyo sogeeni karibu mnicheke mara moja yaishe.

Wakati huo, miaka ya sabini, nilikuwa karani wa chama cha pareto, na nyumba yangu ilikuwa mwendo mfupi kutoka soko la Nyakoe, kando kabisa ya njia ya watu. Nilikuwa na kigari. Msiniulize kilikuwa cha aina gani, kilikuwa cha kijivu na kilikuwa kinaenda, yatosha. Mwaka huo tulipata mtoto wetu wa kwanza, Moraa, na mama mkwe akaja kutoka Kebirigo kukaa na binti yake wiki tatu. Sasa, mtu wa kwetu nikimwambia mama mkwe amekaa kwangu wiki tatu anashika kichwa, maana sisi tuna chinsoni, yaani ile haya na heshima kati ya mtu na wakwe zake: huketi naye karibu, hummwagii maneno ovyo, hamwangaliani machoni, na mwili wako usiositiriwa vizuri asiuone hata kwa bahati mbaya. Wiki tatu nzima mimi na mama tulikuwa tukipishana kama jua na mwezi. Akiwa jikoni mimi niko sebuleni, nikipita uani yeye anageukia ukuta. Sauti yake nilikuwa naisikia tu kwa mbali akimwimbia mtoto.

Jumapili ya kumrudisha ikafika. Baba mkwe alikuwa amealika wazee wa kanisa lake waje saa tisa wamwone mjukuu na kumwombea, kwa hivyo tulitakiwa wote tuwe Kebirigo kabla ya saa hiyo. Na breki zangu, jamani, zilikuwa zimelegea. Ukikanyaga pedeli inazama pole pole kama mguu kwenye tope, inabidi upige mara tatu nne ndipo gari lisimame, na barabara yetu mnaijua, ni milima mitupu. Mtu mwenye akili angelipeleka gari kwa fundi mjini Ijumaa. Mimi nikasema hapana, nitalitengeneza mwenyewe nyumbani (hapo ndipo mkosi wote ulipoanzia), kwa sababu nilikuwa nimemtazama fundi mmoja akitoa upepo kwenye breki mara moja, nikaona ni kazi ya kitoto: mtu mmoja anakaa ndani, anakanyaga pedeli mara kadhaa halafu anashikilia, wa pili analala chini kwenye gurudumu, anafungua kiskrubu, mafuta yanatoka na upepo wake kupitia mpira mwembamba mpaka kwenye chupa, anafunga, halafu wa juu anaachilia. Basi. Ukimaliza magurudumu manne pedeli inakuwa ngumu kama jiwe.

Asubuhi hiyo nikapandisha kigari juu ya mawe na jeki, nikavaa kaptula yangu ya tangu shule (ilikuwa na dirisha kubwa nyuma, lakini nikajiambia nitakuwa chini ya gari, nani ataniona?), nikamweka Kemunto kwenye usukani.

"Kanyaga!" nampigia kelele kutoka chini. "Tena! Tena! Shikilia! Usiachilie mpaka niseme!"

"Nimeshikilia! Na wewe usinipigie kelele kama ng'ombe!"

"Mbona umeachilia?"

"Si umesema achilia!"

"Nimesema usiachilie!"

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, gurudumu la nyuma la kushoto, halafu la nyuma la kulia, halafu la mbele la kushoto, mafuta yanatoka meusi kama chai ya jana, mapovu hayaishi, na kila mara Kemunto ana la kusema. Njiani watu walianza kupita wakitoka misa, na kelele zetu ziliwasimamisha kwenye ua wangu, mmoja mmoja. Jirani yangu Mzee Makori, mtu asiyepitwa na jambo, akaegemea mti wa uani kabisa.

Tukafika la mwisho, la mbele kulia. Nikamwambia Kemunto ashikilie. Skrubu ikakataa kufunguka, imeshika kutu, nikaanza kuigonga na nyundo, na katikati ya kugonga nikasikia kama mtoto analia ndani ya nyumba, lakini nikajua nyanya yake yuko. Nikapaza sauti tu, "Usiachilie! Hata dunia ikiisha usiachilie!"

Kumbe mtoto alikuwa na njaa, na njaa ya mtoto mchanga haisubiri skrubu. Kemunto alimwita mama yake, aliyekuwa nyuma ya jikoni akichambua mboga za chinsaga, akamwonyesha pedeli, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, kanyaga hapa, ukiachilia ataniua," wakabadilishana mguu kwa mguu, naye akakimbia ndani kunyonyesha. Haya yote nimeyajua baadaye. Mimi nilikuwa nagonga.

Skrubu ikafunguka. "Kanyaga!" Na pedeli ikakanyagwa, jamani, ikakanyagwa vizuri, pole pole na kwa nguvu moja, mafuta yakatoka yamenyooka bila kukatika. Nikafunga. "Achilia." Ikaachiliwa. "Kanyaga!" Hakuna jibu, hakuna matusi, mguu tu unafanya kazi. Mimi nikafurahi.

"Aa! Leo umepata wapi nguvu hizi?" nikasema. Mguu ukashikilia vile vile. "Unaona? Ukinyamaza kazi inakwenda! Shida yako ni huo mdomo. Huo mdomo umeurithi kwa mama yako, nimekuambia siku zote!"

Kule uani watu wakaangua kicheko. Nikadhani wamependa utani wangu, nikaongeza sauti.

"Wiki tatu nasikia chi-chi-chi-chi jikoni, mama na mtoto wake kama chiriku wawili kwenye mtama! Kanyaga, mpenzi! Shikilia! Ah, mguu huu, mguu huu nitaununulia kiatu!"

Mzee Makori akakohoa. "Karani," akaita, "hebu toka kidogo."

"Ngoja, mzee, niko karibu kumaliza!" Na kweli mafuta yalikuwa yanatoka meupe, safi, hakuna povu hata moja. Furaha ikanipanda kichwani, nikasahau kwamba skrubu bado iko wazi. "Shikilia hivyo hivyo," nikasema, "nakuja kuuona huo mguu kwa macho yangu!"

Nikatoka chini ya gari kinyumenyume. Nawaomba mkumbuke ile kaptula. Dirisha lilitangulia, mimi nikafuata, nikasimama, nikageukia mlango uliokuwa wazi huku nikicheka meno yote nje, na kwenye usukani, wima kama mtu aliye kanisani, kitambaa kichwani, jani la chinsaga limeganda kwenye kidole, alikuwa amekaa mama mkwe.

Tulitazamana. Machoni. Mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

Mimi nikaruka nyuma nikapiga chupa teke, mafuta yakamwagika yote kwenye nyasi, yeye akajifunika uso kwa leso akaruka nje upande wa pili, pedeli ikaachiliwa, na ule mpira ukavuta upepo fyuuu kama mtu anayekunywa uji wa moto, kazi ya asubuhi nzima ikarudi sifuri. Mama akaingia kwenye migomba. Mimi nikaingia kwenye banda la kukaushia pareto, nikafunga mlango, nikashikilia kaptula kwa mikono miwili. Gari likabaki peke yake juu ya mawe, na umati uani ukishikana mabega kwa kicheko.

Nilikaa mle ndani nikipanga maisha yangu upya. Nilifikiri kuhamia Nakuru. Kemunto akaja na mtoto begani, akanitupia suruali kupitia mwanya, alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Saa sita imepita," akasema. "Wazee wanakuja kumwona Moraa, na gari halina breki. Utatoka ama hutatoka?"

Mzee Makori akajitolea kukanyaga. Alikuwa amevaa gamubuti, kila akikanyaga alikanyaga breki na klachi pamoja, na nikisema shikilia anauliza, "Nishikilie nini?" Tukamwaga mafuta bure. Yaliyobaki kwenye mkebe yalikuwa ya kutosha mzunguko mmoja tu. Kemunto naye hakuweza, maana Moraa alikuwa analia kila akitolewa begani mwake. Nikakaa chini, kwa kweli nilikuwa karibu kulia, nikimfikiria baba mkwe barabarani na wageni wake wakitazama vumbi ambalo haliji.

Ndipo Kemunto aliporudi kutoka kwenye migomba na ujumbe.

"Mama anasema tutundike shuka."

"Shuka?"

"Kwenye mlango wa gari. Asikuone, usimwone. Anasema mjukuu wake hatakosa kuombewa kwa sababu ya upepo."

Tukatundika shuka. Mimi nikalala chini, nimevaa suruali ya kanisani, sikujali. Mama akapanda, na Kemunto akasimama katikati na mtoto.

"Mwambie mama," nikasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "kama hatajali, akanyage kidogo."

"Mama, anasema ukanyage."

Kutoka nyuma ya shuka nikasikia, "Mwambie mkwe wangu, ule mdomo aliousema umenyamaza. Sasa mguu ndio utaongea."

Ua mzima ulilipuka. Hata mimi, huko chini, na aibu yangu yote, nilicheka mpaka spana ikaniangukia puani. Tukaenda hivyo, mwambie mama akipenda ashikilie, mwambie mkwe nimeshikilia, mwambie mama ahsante sana aachilie, na kufikia gurudumu la tatu wale waliotoka misa walikuwa wanaitikia pamoja, "Akanyageee!" Ilichukua muda mara mbili zaidi, lakini tone halikupotea, na tulipomaliza nikaikanyaga pedeli mwenyewe na haikuzama hata kidogo. Jiwe!

Nikaendesha mpaka Kebirigo, mama na Kemunto nyuma na mtoto, mimi mbele na shingo imekakamaa, siangalii kioo. Kwenye mteremko wa mwisho ndama alikatiza barabara ghafla, nikakanyaga mara moja tu, gari likasimama pale pale. Ndama akatutazama, akaenda zake. Nyuma nikasikia pumzi ndefu, na mtoto hakuamka.

Wazee walikuwa ndio wanaketi. Moraa akaombewa, baba mkwe akamshika kama yai, machozi yakamtoka. Chai ikaletwa. Nikadhani yamekwisha, ila mara jikoni kukawa kimya, halafu wanawake wakaangua kicheko. Kimya tena. Kicheko tena, kikubwa zaidi. Nikajua mama anasimulia, na kwa kila kicheko nilijua amefika wapi. Hapo ni kwenye chiriku, hapo ni kwenye kiatu, na kile cha mwisho, cha kupiga makofi na sufuria kuanguka, Mungu wangu, kilikuwa cha kaptula.

"Wanacheka nini huko?" baba mkwe akaniuliza, uso mkavu kabisa.

"Sijui, tata," nikasema.

Akainua kikombe kunywa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika na chai ikamwagika kwenye sahani.

Gari nimeendelea kulitengeneza mwenyewe, siwezi kuwadanganya. Lakini tangu Jumapili ile, kabla sijaingia chini navaa suruali nzima, na kabla sijasema kanyaga nauliza kwa heshima zote, kama mtu anayebisha hodi, "Samahani, ni nani mwenzangu huko juu?" Na asiponijibu kwa sauti ninayoijua, sifungui skrubu.