Makayabo Kifuani, Hadi Burhale

Nilikwenda Burhale kuomba msamaha kwa sababu ya mvua. Mwezi uliotangulia familia yetu ilitakiwa kupanda huko kumposea mpwa wangu Murhula binti aitwaye Nsimire. Asubuhi ile kukanyesha, kukawa baridi, na sisi watu wa Muhumba, mtaa wa Bukavu mjini, wenye diploma zetu tukapiga simu kuahirisha. Baba wa binti, mwalimu mstaafu, akajibu: "Kama baridi inawashinda, mutoto wetu atawategemea mu nini?" Akakata simu.

Murhula akaacha kula. Dada yangu, mama yake, akalia, akabembeleza, mwisho tukapewa nafasi moja tu: mtu mmoja, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Akichelewa, hawatatusikiliza tena. Macho yote yakanigeukia mimi, mjomba mkubwa, tonton wa familia, mtu wa ofisini.

Saa kumi na mbili asubuhi, Nyawera, katikati ya mji. Dereva wangu wa pikipiki, Mugisho, mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa amevaa koti kinyume, zipu mgongoni. Akanitazama suti, tai na koti langu jembamba.

"Tonton, geuza koti. Upepo inaingilia ku zipu."

"Naenda ukweni, Papa Mugisho, siendi kupasuliwa hospitalini."

"Sawa. Baridi ya kule haina adabu, lakini sawa."

Hadi Panzi, mwisho wa mji, nilikuwa mwanamume. Nilikaa wima, nikasalimia watu ambao hawakuniuliza kitu. Tulipoanza kupanda kuelekea Nyantende, ukungu ukatupokea, na upepo ukaingia kwenye zipu, ukapita chini ya tai, ukashuka hadi mahali ambapo sitapataja. Machozi yalikimbilia masikioni. Vidole vikaniaga kimoja kimoja. Niliacha heshima zote nikamkumbatia Mugisho kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumkumbatia mke wangu.

Mugogo, sokoni. Mugisho alisimama, mimi sikushuka. Miguu ilikuwa imekataa kunyooka. Mama mmoja aliyekuwa akipanga makayabo, wale samaki wa chumvi, alicheka waziwazi.

"Huyu papa atafika mufu! Muletee carton!"

Akachana sanduku tupu la karatasi ngumu la samaki wake vipande viwili. Kimoja kifuani chini ya shati, kingine mgongoni. Nikanunua soksi mbili nene nikazivaa mikononi. Miguuni, mifuko ya plastiki ndani ya viatu. Mwisho koti likageuzwa, na Mugisho akanifunga zipu mgongoni kama bibi harusi. Sikubishana. Meno yalikuwa na kazi nyingine.

Lo! Joto likarudi. Kufika Walungu nilikuwa naimba nyimbo za kanisani, tena sauti ya tenor, na Mugisho akaniomba nipunguze.

Burhale, saa tatu kasoro dakika tano. Hapakuwa na muda wa kujipamba. Mugisho aligeuza koti langu, akanivua soksi za mikononi, akanisukuma mlangoni. Yale makaratasi kifuani niliyasahau, tulikuwa tumeshazoeana.

Walinipokea vizuri, vizuri mno. Mama wa Nsimire, alipoona midomo yangu ya buluu, alisogeza mbabula, jiko lenye makaa mekundu, hadi magotini pangu. Nikaanza hotuba yangu, Mashi ya huko kidogo, Kiswahili kingi, Kifaransa pale aibu ilipozidi. Ilikuwa inakwenda vizuri. Kisha carton ikapata joto.

Harufu ilipanda polepole kutoka kwenye kola yangu. Mwalimu akainua pua. Paka akatoka jikoni, akanirukia mapajani, akaanza kuninusa tai. Mama akainama mbele kwa upole wote.

"Papa, muliletaka makayabo? Sasa munaificha juu ya nini?"

Hapo nikaiona akilini sahani ya Murhula kule nyumbani, iliyojaa, ugali umekauka. Kumwambia mama mkwe kwamba sikuleta samaki ni ubahili. Kukana harufu ni uongo. Basi nilisimama, nikalegeza tai, nikafungua shati mbele ya wakwe na kuvuta carton nje. Aibu ilinichoma kuliko mbabula.

Mwalimu aliipokea, akaigeuza.

"Umevaa hii kutoka Bukavu?"

"Kutoka Mugogo, Papa. Kabla ya pale nilivaa kiburi tu."

Mama alicheka hadi akashika mlango. Mzee alijikaza, mabega yakamsaliti. Alipopangusa macho alisema: "Mutu mwenye kujifunga carton ya samaki juu ya kufika saa yetu, huyo alikuja kweli. Murudi Jumamosi ijayo. Bote ku pikipiki, hapana gari. Na mulete makayabo yenyewe."

Kurudi, mama alinifunga kitenge shingoni, na mwalimu mwenyewe akanifunga zipu mgongoni. Nilivuka Nyawera nimevaa hivyo mchana kweupe, nikasalimia wafanyakazi wenzangu wawili. Nimejifunza kwamba koti lina upande mmoja tu wa maana, na si ule niliokuwa nikiwaonyesha watu.

Cimpunda, kwa dada yangu, Murhula alikuwa amesimama mlangoni. Alipoona koti limegeuka, kama la mtu aliyefukuzwa, akashika kichwa.

"Tonton, bamekataa?"

"Fungua zipu kwanza."

Alivuta kwa haraka, zipu ikakwama mara mbili. Nikamwambia atafute makayabo ya Jumamosi. Alikaa chini palepale kwenye kizingiti. Jioni alikula sahani mbili, ila alihamia upande wa pili wa meza, akisema tonton ananuka.