Ndimu za Chumvi za Wifi Hường

Pale Sa Đéc, mji wa wakulima wa maua huko Vietnam, Lụa anajulikana kwa maua yake ya manjano ya mwaka mpya na kwa mdomo wake. Ukimchezea anakupa lako papo hapo, uwe dalali wa maua au mkubwa wa mtaa. Sasa mtu kama huyo, jamani, alikalishwa mbele ya daktari akasemwa kama mtoto mdogo, mlango wa kliniki uko wazi na foleni nzima imetega masikio.

Mumewe, Thìn, moyo ulikuwa umechoka kusukuma damu. Maji yalimjaa miguuni, yakapanda tumboni, kulala kitandani akawa hawezi, usingizi wake ni wa kwenye kiti huku anahema. Dawa ya kukojoza aliyokuwa akimeza ilishindwa, daktari akamwongezea ya pili juu yake. Akapiga marufuku chumvi, akaagiza mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi. Lụa alifuata yote. Chupa ya mchuzi wa samaki aliitoa jikoni, na yeye mwenyewe akawa anakula uji usio na ladha ili asimtamanishe mwenzake. Mwanzoni Thìn alikojoa kweli kweli, viatu vikaanza kumwingia. Kisha uzito ukapanda tena. Daktari hakumtazama mgonjwa, alimtazama mkewe.

"Mama, ama dawa humpi, ama chumvi unatia. Ukiendelea hivi utamzika."

Lụa, na mdomo wake wote, aliokota mkoba akatoka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alirudi nyumbani roho inamchemka. Alasiri maua hayakumwagilika, akaacha ndoo na kuingia kwa mlango wa nyuma. Akamkuta wifi yake Hường, dada mkubwa wa Thìn anayekaa nyumba ya jirani, amemshikia mgonjwa glasi. Ndani yake imepondwa ndimu ya chumvi, ile inayokaa kwenye mtungi mwaka mzima, ambayo kila bibi wa huko humpa anayeumwa koo, mwenye joto na mwenye uchovu. Thìn anakunywa, macho kayafumba kwa utamu.

Hường hakuona kosa. Alieleza kwa upole kwamba dawa zile mbili zinamkausha ndugu yake, anakojoa mpaka nguvu, lazima mtu amrudishie. Naye alikuwa akimrudishia kila alasiri, Lụa akiwa kwenye maua. Lụa akampokonya glasi, akaimwaga uani. Akamwambia kwamba maji anayoyarudisha ndiyo yanayomzamisha mdogo wake, na chumvi yake ndiyo inayoyazuia yasitoke. Wifi akalia. Lụa hakumbembeleza, ila hasira yake kubwa haikuwa kwa Hường. Akamgeukia mumewe.

"Ulikuwepo nikisemwa."

"Nilikuwepo."

"Na ulijua unachokunywa."

Thìn akainamisha kichwa. "Uji wako hauna ladha, mama watoto. Nikasema glasi moja si kitu. Halafu daktari alivyofoka, nikaona aibu."

"Aibu uione wewe, halafu univishe mimi?"

Usiku huo Lụa alimpa dawa zote mbili, lakini alizibwaga mezani kwa kishindo.

Asubuhi alimrudisha kliniki. Mlango wazi vilevile, foleni vilevile. Daktari alitazama uzito, akaguna, akaanza kumsema Lụa upya, na kusema kwamba itabidi aongeze dawa nyingine hata kama figo zitaumia. Lụa akamkazia mumewe macho. Thìn akanong'ona kitu. Daktari akaweka kalamu chini, akamwinamia apate kusikia.

"Sauti," Lụa akasema. "Mimi nilisemwa kwa sauti."

Thìn akainuka, akajishikiza kwenye mlango, akawaambia watu wa foleni kwamba mkewe hakukosa kumpa hata kidonge kimoja, chumvi alikuwa akiinywa yeye mwenyewe, kwa siri, huku akijua anachokunywa. Pumzi zilimkatika katikati, akapumzika kidogo, akaendelea. Lụa hakumshika mkono mpaka alipomaliza.